Kabla hujamwita mvivu: kwa anayeanza kujibu maswali ya wanaojifunza Python

Ukianza kujibu maswali kwenye makundi ya wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hutakaa sana kabla ya kukutana na ujumbe huu: "Wakuu, programu yangu imegoma, naomba msaada." Programu yenyewe haipo, kosa halikutajwa, wala hasemi amejaribu nini. Au utaletewa picha ya zoezi la chuo kama lilivyotolewa, na chini yake maneno mawili matatu: linakusanywa leo saa kumi.

Usimwite mvivu. Ujumbe wa kwanza hauonyeshi uvivu, unaonyesha tu kwamba maelezo ni machache, na hilo lina sababu nyingi. Wengi huku kwetu wananunua kifurushi cha WhatsApp peke yake, kwa hiyo kuuliza kundini ni nafuu kuliko kufungua kurasa za kutafuta jibu. Wengine wako kwenye kompyuta ya maabara isiyo na intaneti, ndiyo maana picha ya skrini imepigwa kwa simu na imekaa upande. Kubwa zaidi, Python inatoa makosa yake kwa Kiingereza. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza cha sekondari hakikumkaa vizuri, huyapita maneno hayo bila kuyasoma kwa sababu anaamini hayamhusu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ichukue wewe, ila iwe ndogo. Mwombe kitu kimoja tu: "Ninakilie mstari wa mwisho wa kosa, pamoja na mstari wa programu unaotajwa juu yake." Ukimwomba vitu vitano kwa mpigo, hatarudi. Mstari wa mwisho una maana yake, kwani hapo ndipo Python inapotaja aina ya kosa na sababu yake. Namba ya mstari uliokwama iko juu kidogo. Tuseme amerudi na TypeError, yaani kosa la kuchanganya aina za data zisizopatana, na mstari wake unajumlisha umri na 1. Usimwandikie suluhisho. Muulize umri ameupata wapi. Akisema ni kwa input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, mweleze kwamba input() hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika 25, kisha muulize maandishi yanageuzwaje kuwa namba. Wengi hufika kwenye int() wenyewe, na kosa hilo hawalirudii tena.

Mwingine utamkuta ameandika print, amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini, bila mabano. Huyo anafuata somo la zamani la Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Amesoma kwa bidii, ila amesoma kitu kilichopitwa na wakati. Mwelekeze kwenye masomo ya Python 3 na matatizo yake mengi yatakwisha hapohapo.

Ujumbe wake wa pili, baada ya wewe kumjibu, ndio utakaokuambia unashughulika na nani. Akileta ulichomwomba, hata kama amekosea kukinakili, mpe muda wako. Akisema "we niandikie tu", mjibu mara moja, bila mahubiri: "Zoezi zima siandiki, lakini ukileta ulipofikia tutaendelea kuanzia hapo." Kisha nyamaza. Kunyamaza si ukatili. Unamwachia nafasi ya kurudi, na wapo wanaorudi usiku wakiwa na mistari sita waliyoiandika wenyewe.

Kuna kitu nakuomba usikifanye kabisa: kumpa jibu lenye kosa la makusudi ili umkomeshe. Nimeona wajuzi wakilifanya, na kwangu ni baya kuliko kumwandikia zoezi zima. Kundi lina wasomaji wengi wasiouliza kamwe. Wao ndio watakaolinakili jibu hilo kesho kwa nia njema.

Hao wasiouliza ndio pia wanaoumia unapofoka. Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandishi wa programu ulioanza mwaka 2008, ulikiri hadharani mwaka 2018 kwamba watu wengi, hasa wageni, waliuona kama mahali pasipowakaribisha, na mwaka huohuo ukatoa kanuni mpya za maadili. Anayeuliza ovyo huenda asijali ukimfokea. Binti wa mwaka wa kwanza aliyekuwa na swali zuri, akaona mwenzake anavyochambuliwa, atalifuta kabla hajalituma.

Kuhusu wanaokufuata faragha: wapokee kwa heshima, kisha warudishe kundini. Waambie ukweli kwamba huko watajibiwa haraka zaidi na kwamba wewe mwenyewe unaweza kukosea na kusahihishwa. Anayeona aibu, mwombe ruhusa uliweke swali lake kundini bila jina, kisha lijibu hukohuko.