Fundi wa Bunduki Anajibu: Niipake Rangi Kabla ya Kuiuza?

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu mjomba ameniachia bunduki ya kuwindia ya wenzo (ule mkono wa chini unaovutwa kupakia risasi), Winchester 94. Kwenye mtutu pameandikwa "30 W.C.F." pamoja na tarehe, 21 Agosti 1894. Namba yake ina tarakimu saba, inaanza na 127. Chuma kimekuwa kahawia na ubavuni kushoto kuna matundu mawili ya skrubu. Nataka nikipige msasa kitako, chuma nikipake rangi upya, ndipo niuze. Ni kweli ina zaidi ya miaka mia? – Mpwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka msasa chini kwanza, tuzungumze.

Kabla ya lolote, fungua wenzo uangalie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, halafu lile bomba la magazini chini ya mtutu. Risasi moja hukaa humo miaka na miaka bila mtu kujua.

Tarehe uliyoiona ni ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya John Browning, aliyeibuni bunduki hii. Kiwanda kiliendelea kuigonga kwenye mitutu muda mrefu baadaye, na kila mwezi napata barua ya mtu aliyeamini kwamba ndiyo siku bunduki yake ilipozaliwa. Umri uutafute kwenye namba iliyo chini ya mwili wa bunduki, mbele ya wenzo. Bunduki ya namba 1,000,000 alikabidhiwa Rais wa Marekani Calvin Coolidge mwaka 1927, na ya 1,500,000 akapewa Rais Harry Truman mwaka 1948. Yako imo katikati. Maandishi "30 W.C.F.", ambayo ni jina la risasi yake, yanakubaliana na hilo, kwani baada ya Vita vya Pili risasi hiyohiyo ilianza kuandikwa "30-30" kwenye mitutu. Mtutu ungesema jambo moja na namba jambo jingine, ningekwambia umebadilishwa. Miaka mia, basi, bado haijafika. Hata hivyo ni ya kabla ya 1964, mwaka ambao kiwanda kiliacha kuchonga baadhi ya vipande na kuanza kuvitoa kwa njia za bei nafuu. Wanunuzi wanaujua mwaka huo kama siku zao za kuzaliwa.

Sasa rangi. Usiipake! Huo ukahawia ndio ushahidi kwamba hakuna aliyeichezea. Fundi akitaka kupaka upya lazima asugue kwanza, na akisugua, kona zinalainika na maandishi yanafifia. Mnunuzi mzoefu huinamisha chuma kwenye mwanga akaona mara moja. Kitako nacho ni hivyohivyo: ukikipiga msasa mbao inashuka chini ya ukingo wa chuma, na hakuna vanishi ya kuirudisha. Nimeona bunduki safi zikipoteza nusu ya thamani kwa kazi ya mchana mmoja, na mwenyewe amelipia kazi hiyo.

Matundu mawili ni hasara ambayo imekwisha kutokea. Bunduki hii hurusha maganda juu, hivyo aliyetaka kufunga darubini ya kulengea alilazimika kutoboa ubavu. Usiyazibe kwa kuchomelea. Tia skrubu ndogo, basi. Tena usiguse skrubu nyingine kwa bisibisi isiyotosha, maana vichwa vilivyotafunwa ndivyo ninavyovitazama kwanza mimi.

Futa vumbi, pitisha mafuta mepesi, chungulia kama mifereji ndani ya mtutu bado ina makali. Halafu fuatilia bei ambazo bunduki kama yako zimelipiwa kweli mnadani. Bei anayoitaja muuzaji dukani ni matumaini yake tu.

SWALI: Fundi, Marlin 336 yangu namba yake inaanza na 23. Ya lini?

JIBU: Toa 23 kwenye 100, unapata 77. Ni ya 1977. Hesabu hii ni ya Marlin za kuanzia 1973. Usiijaribu kwa Winchester.

SWALI: Mzee wangu, familia yetu ina Winchester 1895. Babu alituambia Rais Roosevelt aliwahi kuishika. Hadithi hiyo inaongeza bei? – Binti wa Mwindaji

JIBU: Binti yangu, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 akiwa na bunduki za aina hiyo kweli, za risasi ya .405, yeye na mwanawe Kermit. Kwa hiyo kila 1895 duniani imesimuliwa hivyo na babu fulani. Soma kwanza mtutu umeandikwa risasi gani. Nyingi kuliko zote, karibu 293,000, zilitengenezwa kwa jeshi la Urusi katika Vita vya Kwanza, kwa risasi ya Kirusi ya 7.62. Ikiwa yako ni mojawapo, Roosevelt alikwisharudi kwao zamani. Ikiwa ni .405, thamani yake ni nzuri hata bila rais. Hadithi yenyewe mnunuzi hailipii pasipo karatasi: barua ya wakati ule, risiti, au picha inayoonyesha alama ya pekee kwenye kitako. Pekua masanduku ya babu kabla hamjagawana vitu, na bahasha kuukuu msizitupe.