Muulize Shangazi: Sungura wa zamani yuko wapi?

Jamani barua za safari hii zimenichekesha. Niliomba maswali kuhusu hadithi, yani chochote kile, halafu karibu nusu ya zilizokuja zinaulizia kitu kimoja: mnyama akigeuzwa kuwa mtu, yule wa mwanzo anaenda wapi? Sijui mmekaa kikao bila mimi. Haya, nimechagua tano.

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka sita na kanishinda kabisa. Juzi usiku nilimtungia hadithi ya kichwani tu ili alale, sungura mtundu alimsaidia bibi kizee kuvuka mto, kumbe bibi ana fimbo ya miujiza, akamgusa sungura kichwani akawa kijana mzuri mtoto wa mfalme, akaoa, wakaishi raha mustarehe. Mi najua nimemaliza naenda kuzima taa, mtoto akauliza, "Sungura je?" Nikamwambia si ndo huyo kijana. Akasema hapana mama, huyo ni mtu, sungura yuko wapi? Nikaeleza tena, akaanza kulia machozi ya kweli, eti sungura kafa na hakuna hata aliyemlilia. Leo ni usiku wa nne tuko palepale. Nimekosea wapi? – Mama Asiyelala*

Marahaba mwanangu, na pole na usingizi. Ila nikwambie ukweli, mtoto kaisikiliza hadithi yako kuliko wewe uliyeitunga. Hebu irudie kichwani. Sungura alikuwa mtundu, sawa. Kijana je? Mzuri. Basi, imeishia hapo. Hana utundu, hana woga, hashtuki hata jani likianguka. Ulichofanya ni kumtoa sungura kwa mlango wa nyuma ukamwingiza mtu mwingine kwa mlango wa mbele, halafu unamwambia mtoto huyu ni yuleyule. Angekubali vipi?

Na usijione mjinga, wakubwa nao yamewakuta. Cinderella ile aliyoiandika Charles Perrault kule Ufaransa mwaka 1697, watu wote wanakumbuka kiatu na boga, mi tangu mdogo shida yangu ilikuwa panya. Kuna panya wakubwa watatu wamenaswa mtegoni, yule mama wa miujiza anachagua mmoja kwa sababu ya ndevu zake, anamgusa, anakuwa mwendesha gari la farasi, mnene, mwenye masharubu ya kupendeza ajabu. Umeona hapo? Ndevu zimebaki. Mijusi sita nao wanageuzwa watumishi, wanapanda nyuma ya gari wananing'inia kama hawajawahi kufanya kazi nyingine maishani, na kweli, mjusi utamfundisha nini kuhusu kung'ang'ania ukuta. Perrault aliacha alama ndogondogo kama hizo ndo maana tunacheka, hatulii. Lakini hata yeye yule panya hakumuuliza chochote. Kakaa juu ya gari usiku kucha, ghafla ana mikono, ana hatamu, anasubiri saa sita ifike, na anawaza nini? Nilipokuwa na umri wa mwanao nililiuliza hilo mara nyingi sana, jibu nililopewa ni "lala".

Kwa hiyo leo usimweleze tena mtoto, endelea na hadithi. Kuna karamu, kijana kakaa na taji lake, nyuma yake mtumishi anaangusha sahani, paa! Kabla hajajijua yuko chini ya meza, kajikunyata, moyo unamdunda, mikono kaikunja kifuani. Wageni kimya. Binti wa watu anachungulia chini ya kitambaa cha meza na haelewi. Halafu siku nyingine kobe, rafiki yake wa zamani, anafika getini, katembea siku saba, walinzi wanamzuia, basi anasimama palepale nje anaita lile jina la sungura. Na kijana kule juu dirishani anageuka. Neno ni lilelile, kugeuka, ila safari hii ni shingo tu. Mtoto atajua nani yuko mle ndani.

Ukitaka iwe ya huzuni basi kobe aite na asigeuke mtu. Lakini hiyo iweke mpaka afikishe miaka kumi, la sivyo tutaandikiana tena.

*Shkamoo shangazi, naandika hadithi fupi, fisi anaamka asubuhi moja amekuwa binadamu, anapata kazi ofisini na polepole anasahau kwamba alikuwa fisi. Naisimulia kwa "mimi", yani fisi mwenyewe ndo anaongea. Wenzangu kwenye grupu letu la waandishi wamesema fisi kaisha ukurasa wa pili, baada ya hapo ni jamaa tu analalamikia bosi. Nikaongeza sentensi kama "nilianza kusahau nilivyokuwa zamani", wakasema ndo nimeharibu kabisa. Nifanyeje? – Fisi Ofisini*

Marahaba. Wenzako wamekuonea kidogo kwenye la kwanza, kwenye la pili wana haki. Anayesahau hajui kama anasahau, mpwa wangu. Akikwambia "nimeanza kusahau" ujue bado anakumbuka vizuri tu, na msomaji analijua hilo hata kama hawezi kulisema. Hapo lazima msomaji aone pengo ambalo msimulizi mwenyewe halioni.

Sasa nikuulize, fisi wako ni fisi gani? Manake naona umemfanya fisi wa ngano, mlafi na mjinga, na huyo kweli hana cha kupoteza. Mchukue fisi madoa halisi. Kwao jike ndo mkubwa, binti anarithi cheo cha mama yake, na dume aliyehamia kutoka ukoo mwingine anaanzia chini kabisa, hata kula anasubiri wenzie. Wanatambuana kwa harufu, wana tezi chini ya mkia, wanapaka ute kwenye mashina ya nyasi na anayepita akinusa anajua kapita nani. Huyo sasa ana mengi ya kupoteza.

Mwingize ofisini. Siku ya kwanza anainamisha kichwa kwa kila mwanamke, kuanzia mkurugenzi mpaka binti aliyeajiriwa jana, anawapisha mlangoni, mchana hagusi chakula mpaka wao wamalize. Wenzake wanasema huyu kijana kalelewa. Yeye haelezi, kwake ndo dunia ilivyo. Watu anawataja kwa harufu, yule wa sabuni na woga, yule wa karatasi za zamani. Ukurasa wa nne anapisha mlangoni ila kachelewa kidogo. Ukurasa wa tano wale watu wameanza kuwa "mhasibu" na "katibu". Ukurasa wa sita yuko kwenye kikao, mama mmoja anaongea, jamaa anamkatisha katikati ya sentensi na kikao kinaendelea kama kawaida. Hujaandika neno kusahau hata mara moja, na mimi hapo nitaweka hadithi chini kidogo nipumue.

Halafu kuna kitu ambacho Kiswahili kimekupa bure na sioni watu wakikitumia. Nafsi ya mtu na nafsi ya kwanza ile ya darasa la sarufi ni neno moja. Basi nafsi ikipotea, ipotee na huko. Usitangaze, usiweke nyota tatu katikati ya ukurasa, acha tu sentensi iteleze: nilifika mapema, nikaweka mkoba, nikavuta kiti, akakaa, akawasha kompyuta, akaanza kazi. Msomaji mvivu atadhani umekosea kuchapa. Mwangalifu atarudi juu kutafuta ni wapi "mimi" kadondoka.

Franz Kafka mwaka 1915 alitoa hadithi ambayo ni kinyume cha yako, mtu anaamka asubuhi amekuwa mdudu mkubwa, na cha ajabu anawaza treni aliyoikosa na bosi wake, yani ndani bado ni mfanyakazi yuleyule. Anayemfuta ni familia. Karibu na mwisho dada yake anakataa kulitaja jina la kaka yake mbele ya kile kiumbe, na kwa Kijerumani anatumia kiwakilishi kisicho cha mwanamume wala mwanamke, kile ambacho mtu hamtumii kwa kaka yake. Kwetu sisi kazi hiyo ni ya silabi moja tu. Jana walisema "aondoke", leo wanasema "liondoke". Jaribu na wewe kinyume chake, nani ofisini anakuwa wa kwanza kumwita fisi wako "bwana", na kwa nini siku hiyo haachi kujiangalia kwenye kioo.

*Shangazi hivi kugeuka, kugeuzwa na kujigeuza si kitu kimoja tu? Mwalimu wangu wa uandishi amenikata maksi. – Nimekatwa*

Mwalimu yuko sahihi, samahani. Anayejigeuza ana uwezo wake na kwa kawaida anajua njia ya kurudi, ndo majini na wajanja wa kwenye ngano. Anayegeuzwa kuna mkono wa mwingine, kama wale mabaharia wa Odysseus kwenye utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, mchawi wa kike Circe kawalisha dawa, kawagonga na fimbo wakawa nguruwe, sura, sauti na manyoya vyote vya nguruwe ila akili zimebaki vilevile, wanafungiwa bandani huku wanalia. Na wanapata bahati ya kurudishwa, tena wakiwa vijana na wazuri kuliko mwanzo. Kugeuka peke yake ndo kunanitisha mimi, manake hapo hakuna wa kumlaumu wala wa kumwomba akurudishe. Halafu usisahau kuna kumgeuka mtu, ambao ni usaliti, na muulize yeyote aliyeachwa nyuma na rafiki aliyebadilika, atakwambia haoni tofauti.

*Habari Shangazi, swali la kisayansi kidogo. Kipepeo anajua kwamba alikuwa kiwavi? – Mdadisi*

Nzuri. Hili nalipenda kwa sababu kuna watu walilijaribu kwelikweli, utafiti ukatoka mwaka 2008 nchini Marekani, ingawa walitumia nondo, yule mdudu ndugu wa kipepeo, aina ambayo viwavi wake wanakula majani ya tumbaku. Waliwanusisha viwavi harufu fulani huku wakiwapa shoti ndogo ya umeme mpaka wakaichukia ile harufu. Kisha wakawaacha waingie kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi anageukia. Sasa ujue ndani ya pupa si kwamba kiwavi anaota mabawa tu halafu anatoka, sehemu kubwa ya mwili wake inavunjwavunjwa na kujengwa upya, hata ubongo unapangwa upya. Wakatoka nondo, wana mabawa, macho mengine, chakula kingine. Wakawanusisha. Wengi wa wale waliofundishwa wakiwa viwavi wakubwa, hatua ya mwisho kabla ya pupa, waliikimbia harufu. Waliofundishwa wakiwa wadogo zaidi hawakuikumbuka.

Kwa hiyo kujua kwamba alikuwa kiwavi, hapana, hakuna anayeweza kusema hivyo. Ila kuna kitu kilichomuumiza kwenye mwili ule na bado anakikwepa kwenye mwili huu. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini nikatoka nje kidogo. Na wewe Fisi Ofisini hapo juu, kama unasoma mpaka huku, chukua hiyo, si lazima kinachobaki kiwe kumbukumbu nzuri.

*Shangazi mi naona mnapoteza muda. Kila hadithi mnyama anageuzwa mtu eti ndo zawadi. Nani kasema mtu ni bora? Mbona hawamuulizi mnyama? – Nimechoka*

Pole na kuchoka, lakini hapa tuko pamoja kuliko unavyodhani. Tena yupo mmoja aliyeomba mwenyewe, kwenye zile hekaya za Kigiriki za Aesop. Paka jike alimpenda kijana mmoja, akamwomba mungu wa kike Aphrodite amfanye mwanamke, akafanywa, mzuri wa kupigiwa mfano, kijana akamwona akampenda, akamchukua kwake. Usiku wako chumbani, Aphrodite akataka kujua kama tabia nayo imebadilika, akaachia panya katikati ya chumba. Bibi harusi akaruka kutoka kitandani akaanza kumfukuza panya ili amle.

Wanaoisimulia siku zote wanamcheka, wanasema asili haibadiliki, wanakunja kitabu. Mi naona wanampita haraka mno. Mwangalie pale alipo, nusu sekunde, magoti sakafuni, vidole vimetanuka, na mume bado hata shuka hajaliachia. Kwenye hadithi yote hiyo ndo mara moja tu tunamwona paka anafanya kitu bila kumfikiria kijana. Aphrodite alikasirika akamrudisha alivyokuwa, na wameandika kama vile ilikuwa adhabu. Ila hawakusema kama yule panya alimpata.