Maswali ya Wasomaji: Mafundi wageni walioiunga Liemba

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi mashua hapa Kibirizi, Kigoma. Marehemu baba yangu alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo na ndiye aliyenirithisha kazi hii. Tumebishana sana kijiweni. Wenzangu wanasema meli ya Liemba iliundwa Ujerumani, nami nasema iliundwa hapa hapa. Nani mkweli? Na hao mafundi wageni walikuwa akina nani?
Fundi wa Kibirizi

JIBU: Ndugu fundi, nyote mmesema kweli, kwa sababu meli hiyo iliundwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, ambako vipande vyake vilifungwa kwa bolti tu ili kuhakikisha kwamba kila kimoja kinakaa mahali pake. Kisha ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ikaletwa kwa reli ya kati, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa zamani wa koloni.

Karakana ilituma mafundi watatu kuja kuiunga upya: Anton Rüter, aliyekuwa msimamizi, pamoja na Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Hawakuwa askari. Walikuja kwa kazi yenye mwisho unaojulikana, yaani kuiunga meli, kuishusha majini na kurudi kwao. Lakini Agosti 1914 vita vikazuka kati ya Ujerumani na Uingereza, manowari za Waingereza zikaziba njia ya pwani, na kazi ya mkataba ikageuka kuwa ukazi usio wa hiari, katika mji uliokuwa ndio unaanza kujengwa kando ya Ujiji.

Simulizi nyingi huishia kwenye majina hayo matatu, nami naona hilo si haki. Watu watatu hawawezi kuunga meli yenye urefu wa mita 71. Waafrika na Wahindi ndio waliobeba sehemu kubwa ya jasho la kazi ile, na wewe unayepiga kalafati kwa mikono yako utanielewa upesi. Mashua ya mbao hufungwa kwa misumari, na nyufa zake hujazwa pamba. Meli ya chuma ya zama zile ilishonwa kwa ribiti, yaani pini fupi nene za chuma. Mmoja huchochea moto hadi ribiti iwe nyekundu, mwingine huichukua kwa koleo na kuipenyeza katika tundu la mabamba mawili, wa tatu huikandamiza kwa ndani kwa kipande kizito cha chuma, huku wa nje wakiigonga kabla haijapoa mpaka ncha yake ipanuke na kuyabana mabamba. Ikipoa mapema, inang'olewa na kazi inaanza upya. Zidisha hayo kwa maelfu ya ribiti, ndipo utakapopata picha ya mwaka ule wa kazi ufukweni. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Ilitumika kubeba askari na mizigo ya vita kwa muda usiozidi mwaka mmoja na nusu. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoukaribia mji, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi mafundi wale. Walipoamriwa kuiangamiza kazi ya mikono yao, kwanza walizipaka injini grisi nzito kila mahali, kisha wakaiacha meli izame karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Amri ilitekelezwa, lakini injini zilikuwa zimewekewa akiba ya uhai.

Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini zingali nzima kiasi cha kutengenezeka. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe kwa upande wa kusini. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.