Maji ya kesho hayapwi saa ya leo

Je, mgeni wa kisiwani anayetembea ufuoni maji yakipwa anaweza kurudi kesho saa ileile? Hapana, usitegemee saa ileile. Kama leo umetembea mpaka mwambani maji yamepwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa nne na dakika 50, na keshokutwa yatasogea tena. Sababu ni mwezi: dunia ikimaliza kujizungusha, mwezi nao umeshasonga mbele, hivyo ufuo huchukua takriban saa 24 na dakika 50 kurudi mkao uleule chini yake. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei.

Cha kuangalia zaidi ni bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake. Maji hukimbia mbali sana, fungu la mchanga likabaki wazi kama barabara, kisha hurudi kwa kasi, hasa saa ya tatu na ya nne ya kujaa. Tena hutangulia kujaza mabonde yaliyo kati yako na ufuo, na hapo ndipo mtembeaji wa peke yake hunaswa. Anza safari maji yakiwa bado yanatoka, geuka kabla hayajaanza kurudi, na mwambie mtu wa mapokezi hotelini unakoelekea.

Ila si kila mahali saa husogea hivyo: Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, maji hujaa karibu adhuhuri na usiku wa manane kila siku, kwa kuwa huko nguvu ya jua ndiyo inayotawala. Tumia jedwali la maji la kisiwa ulichopo.