Benki iliyokopesha barabara yetu ya korosho ni ya nani hasa?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi mkulima wa korosho huku Newala. Hii barabara ya Mnivata–Newala–Masasi tunaambiwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mjomba wangu anasema hiyo benki ni ya Wazungu tu, jina ndo la Afrika, mi nabisha. Nani mkweli, na hela wanaitoa wapi? – Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu yangu, we ndo uko karibu na ukweli ila mjomba nae hajakosea yote. Benki ilianzishwa na serikali za Afrika zenyewe, mkataba ukasainiwa Khartoum 1963, kazi ikaanza 1966 makao makuu Abidjan, na miaka mingi wageni walikuwa hawaruhusiwi kabisa, wakaja kufunguliwa mlango 1982 maana mtaji ulikuwa hautoshi. Leo wanachama ni 81, wa Afrika 54 na wa nje 27, sisi tuna kama asilimia 60 ya hisa. Mwenye hisa nyingi kuliko wote ni Nigeria, anampita hata Marekani.

Sasa hela. Nchi ikichukua hisa inalipa kidogo taslimu, sehemu kubwa inabaki ahadi kwamba benki ikikwama tutatoa, na kwa nguvu ya ahadi hizo benki inaaminika daraja la juu kabisa, inauza hati fungani (karatasi za kukopa kwa wawekezaji) kwenye masoko ya dunia, inakopa kwa riba ndogo alafu inatukopesha sisi kwa riba ambayo tukienda sokoni wenyewe hatuipati ng'o. Faida ya kuungana iko hapo hasa. Ila kuna na Mfuko wa Maendeleo ya Afrika, wa tangu 1972, ule wa mikopo nafuu na misaada kwa nchi zenye kipato kidogo, huo unategemea sana michango ya nchi za nje. Hapo mjomba apewe haki yake.

Kwenye maamuzi usifikirie AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, kwamba mwenye gunia mbili na mwenye tani kumi wote kura moja moja. Huku kila nchi ina kura 625 za msingi alafu inaongezewa kura moja kwa kila hisa, kwahiyo mwenye hisa nyingi anasikika zaidi. Juu kabisa wako magavana, wengi wao mawaziri wa fedha, chini yao wakurugenzi 20, yani 13 wa Afrika na 7 wa nje, hao ndo wanaopitisha mikopo kama huo wa barabara yenu. Na rais wa benki lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia zaidi ya nusu ya kura za Afrika, ndivyo alivyopita Sidi Ould Tah wa Mauritania Mei 2025. Mimi hicho kipengele nakipenda sana, wa nje hawawezi kutuwekea rais tusiemtaka.

Ila mkopo ni mkopo, Hazina italipa kwa kodi zetu wote. Kwahiyo mkiona mtaro umejengwa hovyo na mkandarasi bado yupo, msikae kimya, mwambieni diwani na mfike TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, mapema.