Meza ya Kimeksiko: maswali yenu kuhusu rangi, miiba na vyungu

Wengi mmeniandikia mkitaka kuandaa chakula cha jioni chenye sura ya Meksiko na jangwa lake. Nimechagua maswali matano.

Nimealika watu kumi. Nimenunua vitu vyekundu, vya njano, vya pinki, vya kijani na vya bluu, lakini nikivitandika vyote meza inanichosha macho. Nimekosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Umetanguliza rangi, ukasahau udongo. Tazama picha za majangwa ya Sonora na Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko. Sehemu kubwa ni mchanga na mawe, na hata kijani chake kimepauka kama kimepigwa vumbi. Kisha unakuta kaktasi imechanua ua moja jekundu, na macho yote yanakwenda hapo, maana vilivyolizunguka vimetulia.

Anza basi na utulivu huo. Acha mbao za meza zionekane, au tandika marekani isiyotiwa rangi. Juu yake weka sahani nyeupe au za rangi ya udongo. Baada ya hapo ruhusu kitu kimoja chenye rangi kali. Mimi ningechagua sarape, lile blanketi la mistari ambalo mji wa Saltillo umesifika kwalo, nikalilaza katikati ya meza kwa urefu wake. Vitambaa vya kufutia mikono viwe vya rangi moja iliyomo kwenye mistari hiyo. Ukikosa sarape, kikoi cha mistari kitakaa vizuri sana, na mgeni akiuliza mwambie ni kikoi.

Pinki usiiogope. Msanifu majengo Luis Barragán, aliyejijengea nyumba yake Mexico City mwaka 1948, aliweza kupaka ukuta mzima pinki iliyokolea, lakini pembeni yake akaacha jiwe, mbao na kuta tupu. Siri ni hiyo nafasi aliyoiacha.

Naomba ushauri kuhusu kaktasi mezani. Nina watoto wadogo. (Mama wa watatu, Nairobi)

Mpungate ndio wenyewe kabisa. Umo hata kwenye bendera ya Meksiko, tai ametua juu yake. Ila miiba mikubwa unayoiona siyo inayosumbua zaidi. Kuna vijiba vidogo kama nywele vinavyozama kwenye ngozi na kutoka kwa shida. Kwa meza yenye watoto, chukua mimea ya jangwa isiyo na miiba, yenye majani manene, uipande kwenye vikopo vya udongo na kutandaza kokoto juu.

Na tafadhali, usikate tawi la mnyaa wa uani kwa kuwa tu linafanana na kaktasi. Mnyaa ni ukoo mwingine. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi, na ukiingia machoni ni safari ya hospitali. Mahali pa chakula sipo pake.

Nimenunua sahani na bakuli za udongo zenye maua ya bluu sokoni mpakani. Naweza kuzitumia kulia chakula? (Msomaji, Houston, Texas)

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu uzuri wa chombo hauoneshi kilichomo. Vyungu vingi vya kienyeji nchini Meksiko vimepakwa kwa miaka mingi ng'arisho lenye madini ya risasi, ambalo wenyewe huliita *greta*. Chombo kisipochomwa kwa moto wa kutosha, risasi hiyo haishiki vizuri, na ndimu, nyanya au siki huivuta ikaingia kwenye chakula. Salsa, ule mchuzi wa nyanya na pilipili, mara nyingi huwa na nyanya na ndimu. Watoto na wajawazito ndio wanaoumia zaidi.

Talavera halisi ya Puebla ni kazi yenye heshima. Mwaka 2019 ufundi wake, pamoja na wa Hispania, uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Lakini siyo kila chenye maua ya bluu ni Talavera, na jina peke yake lisikutoe wasiwasi. Tafuta maandishi *libre de plomo* au *sin plomo*, yaani hakina risasi, na muuzaji anayejua chombo kimetoka karakana gani. Ukiwa na shaka, kipeleke kipimwe, au kiweke mezani kwa ajili ya macho tu: sahani kubwa chini, ya kioo juu yake kwa chakula.

Je, ni vibaya kutumia mafuvu na karatasi za kukatwa kwenye sherehe ya kuzaliwa mwezi wa Juni? (Msomaji, Mombasa)

Karatasi tumia. *Papel picado* hutundikwa kwenye harusi, ubatizo na sikukuu za kila aina. Mafundi wa San Salvador Huixcolotla, jimbo la Puebla, hupanga makumi ya karatasi laini na kuzikata kwa patasi na nyundo. Wewe kunja karatasi moja, kata kwa mkasi, uitundike juu ya meza ili iguswe na upepo. Iwe mbali na mishumaa.

Mafuvu ningeyaacha. Mafuvu ni ya Siku ya Wafu: tarehe 1 na 2 Novemba familia za Meksiko huandaa meza kwa ajili ya marehemu wao, zikiwa na picha zao, mkate na maua ya rangi ya chungwa yaitwayo *cempasúchil*. Ni mapokezi ya wapendwa, na fuvu lina maana likiwa hapo.

Natokea Tanga. Kuna chochote cha kwetu kinachofaa? (Msomaji)

Kipo, na kina haki zaidi ya vyote. Mkonge asili yake ni Meksiko, na kuna bandari Yucatán iitwayo Sisal. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuleta Tanganyika kupitia Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika na kupandwa. Kwa hiyo mikeka midogo ya mkonge chini ya sahani, na kikapu cha mkonge chenye chapati za mahindi zilizofunikwa kwa kitambaa zisipoe, ni vitu vilivyo kwao.

Ongeza jagi la kioo lenye rosela ya baridi. Wameksiko huinywa kila siku kwa jina la *agua de jamaica*. Ikiwa hapo katikati na taa ikiipiga, huhitaji tena ua jekundu.