Kabla ya Kuchora Reli, Chora Mlango

Mpango wangu wa kwanza wa treni za mfano, zile ndogo za umeme za mezani, niliuchora kwenye kompyuta kwa jioni tatu, na machoni pangu ulipendeza kupita kiasi. Stesheni mbili, daraja, yadi ya mabehewa yenye njia sita. Nikakata mbao, nikaunga meza, ndipo nikagundua kwamba mlango wa chumba hufungukia ndani. Nusu ya yadi ilikaa palepale mlango unapopita.

Programu haikukosea. Sikuiambia kuna mlango.

Siku hizi nikiifungua sigusi reli kwanza. Nachora chumba: kuta, dirisha, soketi, na mlango pamoja na nafasi yote unayoifagia ukifunguka. Kisha najichora mimi mwenyewe. Mkono wa mtu mzima hufika kama sentimita 75 hivi juu ya meza, basi. Behewa likianguka mbali zaidi ya hapo utalifuata kwa magoti juu ya milima yako ya plasta. (Na litaangukia hukohuko.) Kwa hiyo meza inayoegemea ukuta isizidi upana huo.

Kuhusu programu yenyewe sina maneno mengi. XTrackCAD ni ya bure, ila kuizoea kunataka subira. AnyRail ni nyepesi kwa anayeanza, lakini toleo lake la bure hukomea vipande 50 vya reli. Tazama zaidi kama ina reli za kampuni utakayonunua, kwa skeli yako, yaani uwiano wa udogo wake na treni halisi. Swichi za kugawa njia za kampuni mbili tofauti, hata zikiwa za skeli moja, zaweza kutofautiana urefu na pembe, na sentimita mbili za makosa kwenye lango la yadi huvuruga yadi nzima.

Halafu weka masharti kabla ya kuchora. Mimi natumia skeli ya HO, yaani 1:87, ambayo reli zake zimeachana milimita 16.5. Kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 46 hupitisha mabehewa mafupi bila shida. Mabehewa marefu ya abiria yanataka 60 au zaidi. Ukiiandikia programu kikomo hicho, itakuonya unapoikunja kupita kiasi reli inayopindika. Usipokiandika, itakuchorea chochote unachotaka, kwa tabasamu.

Mtego mkubwa zaidi ni mwinuko. Ukitazama mpango kutoka juu, njia moja kupita juu ya nyingine ni mistari miwili tu inayokatana. Lakini katika HO njia ya juu inahitaji kuwa kama sentimita 7.5 juu ya ile ya chini. Kwa mwinuko wa asilimia 2, sentimita hizo 7.5 zinataka reli ya mita 3.75, na bado hujaongeza sehemu za kuanza na kumaliza kupanda taratibu. Ukitaka kushuka tena, zidisha mara mbili. Mimi nilikuwa na mita mbili. Nikajidanganya kwamba asilimia 4 si mbaya, na kwenye skrini kweli haikuwa mbaya. Mezani injini ikasaga magurudumu palepale ikiwa na mabehewa matano nyuma, kwa sababu mlima wenyewe ulikuwa kwenye kona, na kona nayo huongeza mkokoto. Siku hizi naandika kimo kwenye kila makutano, kisha naiacha programu inipigie asilimia. Ikizidi 2.5, daraja linafutwa.

Kagua pia kitanzi kinachoirudisha treni ilikotoka. Katika reli mbili za umeme, reli ya kulia hurudi kukutana na ya kushoto, na hapo ni shoti. Weka alama ya viunganishi vya plastiki, visivyopitisha umeme, kwenye ncha zote mbili za kitanzi mapema.

Mwisho, chapisha mpango kwa ukubwa halisi na uunge karatasi kwa gundi ya utepe. Zima ile chaguo ya printa inayobana picha iingie kwenye ukurasa. Yangu ilipunguza asilimia chache kimyakimya, nami nikaamini karatasi. Sasa nachora mstari wa sentimita 10 pembeni na kuupima kwa rula kabla ya kugusa msumeno. Kisha natandaza karatasi mezani, napanga mabehewa halisi juu yake, na kufungua mlango wa chumba hadi mwisho.